Thomas Buergenthal: mtoto wa Auschwitz aliyekuja kuwa jaji

Ninapofundisha kesi ya Velásquez Rodríguez, kuhusu mwanafunzi aliyetekwa na kupotezwa Honduras, huanza na mvulana wa miaka kumi katika baridi ya Januari 1945, kwa sababu naamini uzito wa hukumu ile hauonekani vizuri bila yeye. Ndiye Thomas Buergenthal, aliyekuja pia kuketi katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, miongoni mwa majaji walioamua kesi ya Kongo dhidi ya Uganda mwaka 2005.

Alizaliwa Chekoslovakia mwaka 1934, akakulia katika geto la Wayahudi la Kielce, Poland. Agosti 1944 alipelekwa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, pamoja na wazazi wake. Watoto wa umri wake kwa kawaida walitolewa kwenye treni na kuingizwa moja kwa moja katika vyumba vya gesi. Abiria wa treni yao hawakuchambuliwa siku ile, yaani hawakutenganishwa wa kuuawa na wa kufanya kazi, na hiyo ndiyo iliyomwokoa. Mama yake alitengwa naye palepale, baba yake miezi michache baadaye. Jeshi la Sovieti lilipokaribia, Januari 1945, Wanazi waliwaswaga wafungwa kwa miguu siku tatu katika theluji, kisha wakawasafirisha kwa mabehewa yasiyo na paa hadi kambi ya Sachsenhausen, Ujerumani. Mtoto alifika miguu imeganda. Vidole viwili vilikatwa. Mfungwa mmoja Mnorwei, Odd Nansen, alikuwa akimtembelea kitandani na kumletea chakula.

Vita vilipokwisha, Thomas aliishia katika kituo cha yatima huko Otwock, Poland, huku mama yake, aliyenusurika kambi ya Ravensbrück, akimtafuta kutoka Göttingen, Ujerumani, na kukataa katakata kuamini kwamba mwanawe amekufa. Walikutana Desemba 1946. Baba alikuwa amefia katika kambi ya Buchenwald.

Mwaka 1979 Thomas akawa mmoja wa majaji wa kwanza wa Mahakama ya Haki za Binadamu ya Nchi za Amerika. Baadaye kesi ya Velásquez Rodríguez ilifika mbele yao. Manfredo Velásquez, mwanafunzi, alikuwa ametekwa Honduras mwaka 1981 na hakuonekana tena. Ugumu wa kesi kama hizi ni kwamba aliyemteka mtu ndiye anayeficha ushahidi, na maiti haipo. Julai 1988 mahakama iliukubali ushahidi wa mazingira, yaani dalili zinazoashiria tukio bila kulithibitisha moja kwa moja, ikatamka kwamba dola inawajibika kuchunguza maadamu hatima ya aliyepotezwa haijajulikana, na kwamba jamaa zake wana haki ya kuambiwa yaliyompata na, ikiwezekana, mahali mabaki yake yalipo.

Miongoni mwa majaji waliotia saini alikuwemo mwana wa yule mama wa Göttingen.