Mtego wa umaskini ni nini, na wachumi wanaupima vipi

Katika mazungumzo ya kila siku, maneno "mtego wa umaskini" hutajwa kwa dhiki yoyote inayodumu, iwe ni ya familia, ya kijiji au ya nchi nzima. Wachumi huyatumia kwa maana finyu zaidi. Kwao, mtego wa umaskini ni hali ambayo umaskini wenyewe ndio unaozaa umaskini wa kesho, kiasi kwamba watu wawili wanaolingana kwa akili, bidii na ujuzi huishia mahali tofauti kabisa kwa sababu tu mmoja alianza na mali kidogo kuliko kiwango fulani. Kiwango hicho huitwa kizingiti. Aliye juu yake, akiachwa tu aendelee na shughuli zake, hupanda mwaka hadi mwaka. Aliye chini yake hurudi chini hata akisaidiwa kidogo. Pasipo kizingiti kunaweza kuwa na umaskini, tena mkubwa na wa muda mrefu, lakini mtego haupo.

Maana hii inapingana na hekima tuliyofunzwa tangu utotoni, kwamba haba na haba hujaza kibaba. Nadharia ya ukuaji iliyotawala vyuo vikuu tangu mchumi wa Marekani Robert Solow alipochapisha makala yake mwaka 1956 inakubaliana na methali hiyo kwa njia yake. Inasema kwamba faida ya mtaji hupungua kadiri mtaji unavyoongezeka: cherehani ya kwanza humletea fundi kipato kikubwa, ya kumi humwongezea kidogo tu. Ikiwa ndivyo, asiye na kitu ndiye anayepaswa kufaidi zaidi kila shilingi anayoipata, naye baada ya muda atawafikia walio mbele yake. Ushahidi wa jambo hili upo. Nchini Sri Lanka, watafiti waliwagawia wenye biashara ndogondogo ruzuku kwa kubahatisha, yaani kwa kura, na faida waliyoipata juu ya mtaji huo ilikuwa zaidi ya asilimia 4 kwa mwezi, ambayo ni kubwa kuliko riba ya benki yoyote ya kawaida.

Wanaoamini kuwapo kwa mtego hujibu kwamba kibaba kina tundu: chini ya alama fulani, kinachoingia huvuja kabla hakijajaa. Sababu ni kwamba mtaji mwingine haugawanyiki. Hakuna anayenunua nusu ya ng'ombe wa maziwa, na hata akimpata ng'ombe mzima, bado anahitaji banda, malisho, fedha ya dawa na saa za kumhudumia ambazo angezitumia kufanya kibarua kinacholisha watoto leo. Akikosa kimojawapo, ng'ombe huyo hutoa maziwa machache, kisha huuzwa siku ugonjwa unapoingia nyumbani.

Mfano wa mwanzo uliopimwa vizuri unatoka kwa wafugaji wa Borana, kusini mwa Ethiopia, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004 na Travis Lybbert, Christopher Barrett na wenzao. Kwa kufuatilia historia ya mifugo ya familia kwa miaka mingi, waligundua kwamba kundi lenye ng'ombe wasiofikia takriban 15 lilielekea kupungua, huku kundi lililozidi hapo likielekea kukua. Sababu haikuwa fumbo kwa wafugaji wenyewe. Mwenye ng'ombe wengi huweza kuwagawa, akabakiza wa maziwa karibu na boma na kuwapeleka wengine mbali kufuata malisho na maji. Mwenye ng'ombe wachache hawezi kuiacha familia bila maziwa, hivyo hubaki mahali pamoja ambapo nyasi zimekwisha.

Hata hivyo, ushahidi wa Borana ulikuwa na udhaifu mmoja mkubwa. Familia zenye ng'ombe wengi huenda ndizo zilizokuwa na wafugaji hodari tangu mwanzo, na kizingiti kikawa kivuli tu cha tofauti za uwezo wa watu. Kuthibitisha mtego kunahitaji kumsukuma mtu kutoka upande mmoja wa kizingiti hadi mwingine pasipo yeye kuwa amejisukuma, kisha kusubiri miaka mingi na kuona anaelekea wapi. Jambo hilo lilifanyika Bangladesh, nami naliona kuwa utafiti wenye nguvu zaidi tulio nao juu ya suala hili.

BRAC, shirika lisilo la kiserikali la nchini humo, lina mpango wa kuwasaidia maskini wa mwisho kabisa vijijini, hasa wanawake wasio na ardhi wanaoishi kwa vibarua vya shambani na kazi za ndani. Mwaka 2007 watafiti walianza kukusanya takwimu za kaya zipatazo 23,000 katika vijiji 1,309, na vijiji vitakavyotangulia kupata msaada vikachaguliwa kwa kubahatisha. Wanawake waliolengwa walipewa mali ya kuzalisha, wengi wao wakichagua ng'ombe, pamoja na mafunzo na kutembelewa mara kwa mara. Kabla ya msaada, ramani ya mali katika vijiji hivyo ilikuwa ya ajabu kidogo: kulikuwa na watu wengi wasio na karibu chochote, kulikuwa na wengine wenye mali ya kutosha, lakini katikati palikuwa karibu patupu. Ng'ombe mmoja aliwarusha wanawake maskini hadi katika nafasi hiyo ya katikati ambako hakukuwa na watu.

Clare Balboni, Oriana Bandiera na wenzao waliwafuatilia wanawake hao kwa miaka 11, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2022. Kilichowawezesha kukipima kizingiti ni tofauti ndogo sana. Wanawake wote walipata kitu chenye thamani inayokaribiana, lakini mmoja alikuwa tayari na mbuzi wawili au zana kidogo, na mwenzake hakuwa na chochote. Waliobaki chini ya mali ya uzalishaji yenye thamani ya dola zipatazo 500, kwa kipimo kinachozingatia uwezo wa fedha kununua bidhaa, walianza kuipoteza na kurejea walikotoka, nao walikuwa takriban theluthi moja ya waliosaidiwa. Waliovuka waliendelea kulimbikiza, wakaongeza vitu vinavyomfanya ng'ombe awe na tija, kama banda na chombo cha usafiri, na wakabadilisha kazi: wakapunguza vibarua, wakawa wafugaji. Wote walipata msaada na mafunzo yaleyale, wakaelekea njia mbili tofauti, na tofauti hiyo ilizidi kupanuka kadiri miaka ilivyopita.

Matokeo haya yanagusa moja kwa moja mjadala wa zamani kuhusu tabia za maskini. Kwa muda mrefu imesemwa kwamba maskini hubaki maskini kwa sababu hawaweki akiba, hawapangi mambo ya mbele au huogopa kujaribu. Utafiti wa karibuni haukatai kwamba tabia ina uzito, bali unauliza tabia hiyo inatoka wapi. Chukua mahindi ya magharibi mwa Kenya. Kila mwaka bei hushuka wakati wa mavuno na kupanda sana miezi inayofuata, na kila mwaka wakulima wengi huuza wakati bei iko chini, kisha hununua unga ghali baadaye. Anayetazama kwa mbali huona uzembe. Marshall Burke, Lauren Bergquist na Edward Miguel waliwapa wakulima nafasi ya mkopo wakati uleule wa mavuno, na wakulima hao wakahifadhi magunia yao na kuyauza bei ilipopanda, wakapata faida ya asilimia 29 juu ya mkopo. Walijua bei itapanda tangu zamani. Karo ya shule ndiyo iliyokuwa haiwezi kusubiri. Tena, mahali ambapo wengi walipata mkopo, bei ya sokoni yenyewe ilitulia, kwa hiyo hata wasiokopa walinufaika.

Udhaifu wa kibinadamu upo pia, lakini mdogo na wa kila mtu. Katika eneo la Busia, Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson waliona wakulima wengi wakikusudia kununua mbolea na kisha kuahirisha hadi fedha ya mavuno ikaisha. Walipopelekewa mbolea bila gharama ya usafiri mara tu baada ya kuvuna, matumizi yalipanda; ofa ileile ilipotolewa baadaye, karibu na msimu wa kuitumia, haikuwa na nguvu hiyo. Mwenye mshahara huahirisha vilevile, ila kwake kuahirisha hakugharimu msimu mzima.

Kuna madai makubwa zaidi, kwamba wasiwasi wa fedha hupunguza hata uwezo wa kufikiri. Mwaka 2013 utafiti uliowahusu wakulima wa miwa wa Tamil Nadu, India, ulionyesha kwamba walifanya vibaya zaidi katika majaribio ya umakini kabla ya mavuno kuliko baada yake. Mimi ningeyapokea madai haya kwa tahadhari, kwa sababu utafiti mwingine uliofanywa Marekani kabla na baada ya siku ya mshahara haukuona tofauti ya aina hiyo. Ushahidi wa Odisha, India, unanishawishi zaidi: wafanyakazi wanaotengeneza sahani za majani kwa malipo ya kila sahani walipolipwa sehemu ya ujira wao mapema, walitengeneza sahani nyingi zaidi na kukosea mara chache, hasa waliokuwa na hali ngumu kuliko wenzao.

Si kila mafanikio ya msaada yanathibitisha mtego, na hapa ndipo dhana hii hutumiwa ovyo zaidi. Mwaka 2008, kaskazini mwa Uganda, vikundi vya vijana vilipata ruzuku ya takriban dola 400 kwa kila mtu ili wajifunze ufundi na kununua vifaa. Baada ya miaka minne kipato chao kilizidi cha wenzao kwa asilimia 38, na habari hiyo ilienea. Lakini Christopher Blattman, Nathan Fiala na Sebastian Martinez waliporudi baada ya miaka tisa, walikuta wasiopata ruzuku wamewafikia kwa kipato. Msaada uliwaharakisha vijana, na hilo ni jambo jema, ila waliokosa walipanda pia, polepole, kwa nguvu zao. Huko hakukuwa na mtego wa mtaji kwa maana tuliyoieleza. Aart Kraay na David McKenzie walikwisha kuonya mwaka 2014 kwamba ushahidi wa mitego ni mchache kuliko umaarufu wa neno lenyewe.

Pale ambapo mtego upo, tofauti ya kipato kati ya watu hugeuka kuwa hasara ya uchumi wote. Mwanamke wa Bangladesh ambaye angekuwa mfugaji mzuri anabaki kupalilia mashamba ya wengine, na kipaji chake hakizalishi kinachoweza kuzalisha. Balboni na wenzake walikadiria kwamba thamani ya vipaji vinavyopotea hivyo inazidi kwa mbali gharama ya kuwavusha wote mara moja.

Mwenye bajeti ndogo anabaki na uamuzi mgumu. Kisiasa ni rahisi kugawa kidogo kwa wengi, lakini chini ya kizingiti kidogo hicho huliwa na kwisha, na kugawa kikubwa kwa wachache huzua manung'uniko ya jirani aliyekosa. Huko Siaya, Kenya, ambako kaya zaidi ya 10,500 zilipewa takriban dola 1,000 kila moja katika utafiti uliohusu vijiji 653, manung'uniko hayo yangekuwa na msingi mdogo: fedha ilizunguka sokoni, matumizi ya kaya zisizopokea yakapanda pia, na bei za bidhaa zikapanda kwa kiasi kidogo mno. Hata hivyo, kiasi kilichogawiwa Siaya hakikutokana na kipimo cha kizingiti cha hapo, wala dola 500 za Bangladesh haziwezi kuhamishiwa huko. Kizingiti hutegemea bei ya ng'ombe, umbali wa soko, mvua na kazi mbadala zilizopo, na wilaya mbili jirani zinaweza kuwa na vizingiti tofauti, au moja ikawa nacho na nyingine isiwe nacho kabisa.