Ile beji ya wachukuzi wa Amsterdam sio medali

Jamani hili naomba tulimalize leo, maana nimeshachoka kulisikia. Zile beji za shaba za vyama vya wachukuzi wa Amsterdam, za miaka ya 1600 na 1700, sio sarafu na sio nishani za mfanyakazi bora. Hazikununua kitu na hakuna aliyepewa kwa kuchapa kazi.

Zilikuwa za mahudhurio ya msibani. Mwanachama akifa wenzake wanatakiwa kwenda kumzika, kila mtu anafika na beji yake anaikabidhi, baadaye zinakaguliwa, ambaye ya kwake haionekani anapigwa faini. Ndo maana upande mmoja kuna alama ya kazi, mfano kapu kwa wale wabeba mboji kavu (udongo wa mimea iliyooza, uliokaushwa ukachomwa kama kuni), na upande wa pili jina na namba ya mtu, sasa bila jina utajuaje nani hajaja? Mtu yeyote aliye kwenye chama cha kufa na kuzikana anaelewa hapohapo.

Wengine wanachanganya na beji ya Doggett ya London, anayopewa kijana anayeshinda mbio za makasia mto Thames tangu 1715. Ile ni zawadi kweli, habari nyingine kabisa.

Kinachoniuma hasa ni kusugua. Mtu kapata beji, anaisugua na dawa ya shaba mpaka inawaka, afu anakuja kuuliza bei. Umeshafuta ushahidi! Ambayo haijasuguliwa iweke chini ya taa, mwanga uje kwa ubavuni, kwa baadhi utaona pale penye jina shaba imebonyea kidogo na imekwanguliwa, pembeni kimebaki kimkia cha herufi ya zamani. Hapo kulikuwa na jina la mtu mwingine. Vitabu vinapenda kusema marehemu alirithiwa na aliyefuata, mi siwezi kuapa hivyo, mkwaruzo haukuambii kama wa kwanza alikufa, aliacha kazi ama beji ilirudi chamani ikatolewa upya.

Na jina ndo kila kitu hapa. Wapasuaji wa chama cha Amsterdam walichorwa na Rembrandt mwaka 1632, mbeba mboji nani alimchora? Vyama vilifutwa kwa katiba ya Uholanzi ya 1798, na kwa wengi wa watu hawa huenda kitu pekee walichowahi kushika ambacho bado kina jina lao ni hicho kipande cha shaba.

Kwahiyo kama unayo usiioshe. Piga picha pande zote mbili, mwanga wa ubavuni, na jina liandike lilivyo hata kama herufi zimekosewa.