Laptopu yako ya zamani haijafa, shida ni bando na umeme

Wiki haipiti bila mtu kuingia hapa dukani na laptopu kwapani akiniuliza swali lile lile, "Fundi, hii mashine inaniambia imepitwa na wakati, ni kweli ama ni wezi?" Si wezi. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10, na ukijiandikisha kwenye mpango wao wa nyongeza unasogezewa apdeti za usalama hadi 13 Oktoba 2026, baada ya hapo mtu wa kawaida wa nyumbani basi tena. Mashine itawaka, itaandika barua, itacheza filamu, lakini matundu yatakayogunduliwa hakuna wa kuyaziba.

Sasa wengi wanasema si nihamie Windows 11. Sawa, ila angalia kwanza unachomiliki. Laptopu nyingi tunazouziana hapa Arua, Uganda, ni zile zilizokwisha kufanya kazi maofisini Uingereza au zilizopitia Dubai, Core i5 ya kizazi cha 4, cha 5, cha 6, na Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 pamoja na prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu. Ndio najua kuna ujanja wa kuipenyeza, vijana wanaufanya kila siku, lakini mi siwafanyii wateja manake Microsoft wenyewe wamesema mashine iliyopenyezwa haina haki ya kudai apdeti, kesho ikigoma nani atapigiwa simu? Mimi.

Kwa hiyo naweka Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows. Toleo la 22 na ndugu zake limejengwa juu ya Ubuntu 24.04 na litahudumiwa hadi 2029, linakubali RAM ya GB 2 ingawa GB 4 ndo unakaa kwa raha, na mtu aliyezoea Windows anaona menyu iko pale pale chini kushoto anatulia. Mashine dhaifu naiwekea ile ya Xfce, yenye eneokazi jepesi. Na kama bado ina hard disk ya kuzunguka, hela ya kwanza uliyo nayo nunua SSD, ile diski isiyozunguka, usiniulize habari ya RAM kabla ya hapo.

Wa kutohama pia wapo na nawaambia ukweli. Kama mkate wako unatoka kwenye CorelDRAW au Photoshop, kaa hapo ulipo, usimsikilize mtu wa Linux mwenye imani kali. Kama ofisi yenu ina mafaili ya Excel yenye makro ndefu, LibreOffice, ile inayokaa mahali pa Excel kwenye Linux, itakufungulia lile faili vizuri tu alafu makro zikatae, na utanichukia.

Nilichotaka kuandika leo lakini si kuinstoli. Maelekezo ya kuinstoli yamejaa kila mahali, na yote yameandikwa na watu ambao intaneti yao haiishi na umeme wao haukatiki. Shusha, choma kwenye flashi, bonyeza endelea, dakika ishirini kwisha. Huku kwetu mtu ananunua bando la GB moja moja, na tangu Julai 2021 kuna kodi ya asilimia 12 humo ndani, kwa hiyo faili la ISO, lile lenye mfumo mzima wa kuinstoli, la karibu GB 3, ni uamuzi wa kifamilia kabisa. Wateja wanaorudi kwangu wakilalamika karibu wote hawajashindwa na Linux, wameshindwa na kushusha na kukatikiwa. Kwa hiyo hayo mawili ndo natengeneza siku ya kwanza, kabla mashine haijatoka mlangoni.

Tuanze na hiyo ISO. Mi nilikuwa naagiza rafiki wa Kampala aishushe, anaweka kwenye flashi, anampa kondakta wa basi la usiku, asubuhi naichukua stendi, kuisafirisha hivyo ni nafuu kuliko bando. Mara moja nilikuwa na haraka, laptopu tatu za shule zilikuwa zinanisubiri, nikaanza kuinstoli bila kuhakiki faili. Ya kwanza ikagoma katikati. Nikasema hard disk mbovu, nikabadilisha. Ya pili ikagoma pale pale. Nikafungua na hiyo, nikasafisha RAM kwa kifutio, jasho linanitoka. Ya tatu ilipogoma pale pale ndo akili ikanirudia kwamba mashine tatu haziwezi kuugua ugonjwa mmoja saa moja. Faili lilikuwa limekatika njiani, limepungua kidogo tu, jicho huwezi kuona. Dawa yake ni mstari mmoja kwenye terminali:

sha256sum jina-la-faili.iso

Inakutolea namba ndefu, unailinganisha na ile iliyoko kwenye faili la sha256sum.txt la Mint wenyewe. Nasema la Mint wenyewe, si lile alilokutumia aliyekupa ISO. Na hata hapo usilale: Februari 2016 kuna watu waliingia kwenye tovuti ya Linux Mint wakageuza kiungo cha toleo la 17.3 la Cinnamon kikawa kinapeleka watu kwenye ISO yenye mlango wa nyuma. Ndo maana Mint wanaweka pia sahihi ya GPG, yaani muhuri wa kidijitali, juu ya zile namba, na kwenye tovuti yao wameeleza jinsi ya kuihakiki. Ukishazoea ni dakika mbili.

Kuna kingine kidogo kinachosumbua mashine kuukuu hadi watu wanasema Linux imekataa. Umeinstoli, umeunganisha Wi-Fi, brauza inakwambia kila tovuti si salama, na ukijaribu apdeti inakujibu kwamba faili "is not valid yet". Angalia saa. Kabetri kadogo ka ubaoni, CR2032, kamekufa, mashine kila ikikosa umeme inaamka ikidhani ni miaka mingi nyuma, na kwa akili yake vyeti vya tovuti vyote havijaanza kufanya kazi. Rekebisha tarehe kwa mkono, badilisha kabetri, kwenye laptopu mara nyingi kana waya na plagi yake, maliza. Nimeshaona mtu amefomati mara mbili kwa ajili ya hilo.

Haya, umeme. Desktopu haina betri, na laptopu nyingi za mtumba betri yake ni pambo tu, ukichomoa waya inazima hapo hapo. Umeme ukikatika apdeti ikiwa inaandika, mara nyingi mfumo haufi, unabaki nusu nusu, programu nyingine imefunguliwa lakini haijapangwa. Usikimbilie kufomati. Ukiwaka fungua terminali uandike:

sudo dpkg --configure -a
sudo apt --fix-broken install

Ya kwanza inamalizia kazi iliyokatikia njiani, ya pili inatafuta vilivyopungua na kuvileta. Isipowaka kabisa ndo unashukuru kama uliweka Timeshift. Inakuja na Mint tayari, inapiga picha ya mfumo ili ukiharibika uurudishe ulivyokuwa jana, unaweza kuifanya hata ukiwa umewasha mashine kwa ile flashi ya kuinstolia. Mi naiweka itunze picha mbili, ya kila wiki, basi, manake ukiiachia itakula diski yote ya GB 128. Na jamani, Timeshift kwa kawaida haigusi picha zako za harusi wala thesisi yako, ni mfumo tu, bakapu ya mafaili yako ni jukumu lako.

Upande wa bando Mint ina adabu, haishushi apdeti bila wewe kusema ndio, inakuonyesha tu kale ka ngao pale chini. Lakini mtu akiona orodha anabonyeza zote, na keneli mpya, yaani kiini cha mfumo, ikiambatana na kile kifurushi cha linux-firmware ni mamia ya MB yameondoka, alafu ananipigia "fundi Linux inakula bando". Nawafundisha kusoma safu ya ukubwa kabla ya kubonyeza, zilizoandikwa za usalama na brauza unazichukua wiki hii, keneli unangoja ukipita mahali penye Wi-Fi ya watu, ila usingoje miezi. Programu za Flatpak, ile njia nyingine ya kuweka programu, ziangalie kwa jicho la pili, moja ndogo inakuja na ukoo wake mzima.

Hapa dukani dawa yangu ni apt-cacher-ng, kache inayotunza nakala ya kila kinachoshushwa na apt, kile chombo cha kuwekea programu. Iko kwenye hazina ya Mint na ya Debian, Linux nyingine, unaiweka kwenye kompyuta moja, inasikiliza kwenye poti 3142, na kompyuta nyingine zote zinapitia kwake. Mashine ya kwanza inashusha kutoka intaneti, ya pili hadi ya kumi zinachota kutoka kwenye kache kwa kasi ya waya. Kwenye kila mashine unaunda faili /etc/apt/apt.conf.d/00proxy lenye mistari hii, ukiweka anwani ya kompyuta yako:

Acquire::http::Proxy "http://192.168.1.10:3142";
Acquire::https::Proxy "DIRECT";

Ule wa pili ni kwa hazina zinazotumia https, hizo kache haiwezi kuzitunza kwa hiyo unaziacha ziende zenyewe. Kuna kijana aliniuliza kama http tupu si hatari, swali zuri sana, lakini apt inahakiki sahihi ya hazina pamoja na namba za kila kifurushi, mtu akichezea njiani apt inakikataa. Januari 2021 intaneti ilipozimwa nchi nzima wakati wa uchaguzi, mi niliendelea kuweka LibreOffice na VLC kwa watu kutoka kwenye hiyo kache, wenzangu wakaniona mchawi.

Ila nikuambie aibu yangu. Nilimtengenezea mwalimu mmoja laptopu, safi, inaruka, akaenda nayo Koboko. Baada ya kama miezi miwili simu. "Fundi, hii Linux yako imekufa, kila apdeti inakataa." Nikamuuliza Wi-Fi iko, iko. YouTube inafunguka, inafunguka. Nikakaa nafikiria mpaka nikajipiga kofi, nilisahau kufuta lile faili la proksi, 00proxy, laptopu ya watu iko Koboko inatafuta kompyuta ya dukani kwangu Arua. Kumsomea amri kwenye simu ilikuwa sinema, "sudo, alafu nafasi, rm, alafu nafasi, mkwaju, etc", "mkwaju gani fundi?", "ule unaolalia kulia, mwalimu, sasa sifuri mbili, sifuri ya namba si herufi O". Bando langu la dakika liliisha katikati akanipigia yeye.

Siku hizi natumia kifurushi kinaitwa auto-apt-proxy badala ya kuandika faili kwa mkono. Chenyewe kinachungulia kama getiwei ya mtandao uliopo, yaani mashine inayogawa intaneti, ina kache, ikiwepo kinaitumia, isipokuwepo apt inaenda moja kwa moja kama kawaida. Kwangu inafaa kwa sababu ile kompyuta yenye kache ndo pia inagawa intaneti kwa zingine. Kama kache yako iko pembeni na si getiwei, rudi kwenye faili la mkono, na andika kwenye karatasi ubandike mlangoni: FUTA PROKSI. Mi bado nimeibandika.

La mwisho ni la vile vimashine vya zamani vyenye prosesa ya biti 32. Debian 13 iliyotoka 9 Agosti 2025 haina tena instola ya mashine hizo, na Firefox ya Linux ya biti 32 iliishia toleo la 144, iliyobaki ni ile ya ESR 140, toleo la kuhudumiwa muda mrefu, nayo inaelekea ukingoni. Juzi mzee mmoja, papa kama wanavyosema kule Kongo, alivuka mpaka kutoka Ariwara na kale ka netibuku kenye Atom N270, hako hata umpe nini hakaendeshi mfumo wa biti 64. Nikamwekea Debian 12, LibreOffice, eneokazi la LXDE, nikaanza kumweleza kwamba papa, brauza ya humu haina maisha marefu, mambo ya benki usifanyie hapa. Akanikatiza. Alitaka kuona kama lile faili lake la hesabu za mihogo linafunguka. Likafunguka. Akalifunga netibuku, akalifunika na kitambaa chake, akauliza kama bado ninaweza kumpatia chaja.