Sindano Isiyo na Dawa: Akupancha na Maumivu ya Mwili

Mama mmoja muuza dagaa wa Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, alinitazama nikifungua pakiti ya sindano, akauliza: "Sasa dokta, dawa iko wapi?" Nikamwambia haipo. Akacheka, kisha akaanza kufunga khanga yake upya kama mtu anayetaka kuondoka.

Simlaumu. Kwetu kuchomwa sindano ni kutiwa dawa. Sindano ya akupancha, tiba ya Kichina ya kuchoma sindano, haina hata tundu. Ni kichuma chenye unene wa kama robo milimita, chembamba hata kinaweza kupenya ndani ya sindano ya kutolea damu. Hukaa mwilini dakika 20 hadi 30, ikichezwachezwa kwa vidole mpaka usikie uzito au ganzi pale ilipo. Wengine huuliza kama ni ndugu wa kuumika au chale. Chuku, ile pembe ya kuumikia, hunyonya damu, chale hukatwa zikapakwa dawa. Huku damu haitolewi na hakuna kinachoingizwa.

Wachina wameitumia kwa zaidi ya miaka 2,000, wakieleza kwamba nguvu ya uhai iitwayo chi hupita kwenye njia zake mwilini. Njia hizo mimi sikuzikuta darasani tulipopasua maiti, na sindano nachoma hivyo hivyo. Kinachopimika ni kwamba mchomo huamsha mishipa ya fahamu, na mwili ukatoa endofini, yaani dawa yake wenyewe ya kutuliza maumivu.

Yule mama mgongo ulikuwa ukimsumbua mwaka wa tatu. Maumivu yakipita miezi mitatu huwa tunayaita sugu. Ndoo kichwani alfajiri mitumbwi inapoingia, kisha kuinama juani akigeuza dagaa kwenye chanja. Kila jioni diklofenaki, kidonge cha maumivu, ya dukani. Hiyo ilinitisha kuliko mgongo wenyewe, maana ikinywewa hivyo huchimba vidonda vya tumbo na kuumiza figo.

Je, akupancha inasaidia kweli? Mwaka 2018 watafiti walikusanya takwimu za wagonjwa karibu 21,000 wenye maumivu sugu ya mgongo, shingo, goti, bega au kichwa. Waliochomwa walipata nafuu kuliko wasiochomwa, na sehemu kubwa ya nafuu hiyo ilikuwepo hata baada ya mwaka. Lakini walipolinganishwa na waliochomwa sindano za uongo, za kuigiza tu, tofauti ilikuwa ndogo. Ndiyo maana wakubwa wenyewe hawajakubaliana: kwa maumivu ya kiuno, mwongozo wa Uingereza wa 2016 unasema isitolewe, na wa madaktari wa Marekani wa 2017 unaiweka miongoni mwa tiba za kuanzia. Kwangu mimi ni msaidizi wa mazoezi ya viungo. Haitibu kansa wala kurudisha diski ya uti wa mgongo mahali pake, hata tangazo likisema hivyo.

Maumivu ya ghafla ni habari nyingine. Shingo iliyokaza au kiuno kilichoshtuka, sawa, mradi umeshapimwa. Ila kifua kinachobana, tumbo linalouma upande wa kulia chini, kichwa kilichoanza kuuma ghafla kama kinapasuka, hayo ni ya hospitali usiku huo huo. Huku Kanda ya Ziwa selimundu, ugonjwa wa damu unaoleta maumivu makali ya mifupa, ni nyingi. Mtoto anayelia mifupa inauma anahitaji daktari kwanza.

Ukiamua kwenda, sindano iwe mpya na pakiti ifunguliwe mbele yako. Mweleze mtaalamu kama una mimba au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Kifuani na mabegani asichome kwa kina, kwani pafu limewahi kutobolewa. Na uulize usajili wake. Tangu sheria ya 2002 lipo Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala.

Mama yule alirudi mara nane. Kufikia ya sita alikuwa analala usiku kucha, na vidonge akaviacha. Nilimshauri abebe nusu ndoo. "Nusu ndoo, dokta," akanijibu, "ni nusu hela."