Yusufu Alikuwa Mwenye Haki Kabla Hajaagizwa Lolote

Katika kufundisha Maandiko ninakutana mara kwa mara na Wakristo wanaoamini kwamba mwenye haki na mtiifu ni mtu yule yule, na kila mara huwarudisha kwenye sura ya 1 ya Injili ya Mathayo. Hapo Yusufu anaitwa mtu wa haki katika aya ya 19, lakini utii wake kwa malaika unatajwa baadaye, katika aya ya 24.

Tuangalie alichokuwa akiwaza kati ya aya hizo. Maria, mchumba wake, alikuwa na mimba ambayo Yusufu alijua si yake. Kumbukumbu la Torati 22 iliagiza mchumba aliyelala na mwanamume mwingine mjini apigwe mawe, na sura ya 24 ilimruhusu mume kutoa hati ya talaka. Yusufu angeweza kumshtaki hadharani, na hakuna ambaye angemlaumu kwa kuishika torati. Aliazimia kumwacha kwa siri ili asimwaibishe. Hakuna aliyemwagiza kumsitiri. Huruma ile ilitoka ndani yake, na ni katika huruma ile ile ndipo Mathayo anapoiona haki yake. Utii hujibu agizo, nao ulikuja malaika alipomwambia amchukue Maria awe mke wake.

Kinyume chake ni yule mwana mkubwa katika mfano wa mwana mpotevu, Luka 15, ambaye hakukosa amri ya baba yake hata mara moja, lakini ndugu yake aliporudi akakataa kuingia nyumbani. Hesabu yake ya utii ilikuwa safi, ila moyo wake ulikuwa mbali na baba na ndugu yake pia. Tena haki yaweza hata kukataa agizo: wakunga Shifra na Pua, katika Kutoka 1, walimwasi Farao aliyewaagiza kuwaua watoto wa kiume wa Waebrania, kwa sababu walimcha Mungu.

Sisemi kwamba utii ni jambo dogo, kwa maana nabii Samweli alimweleza mfalme Sauli waziwazi kuwa kutii ni bora kuliko dhabihu. Ninachosisitiza ni mpangilio. Abrahamu alihesabiwa haki kwa kuamini katika Mwanzo 15, ilhali tohara aliipokea katika sura ya 17, akiwa na miaka 99, na Paulo anaijenga hoja yake ya Warumi 4 juu ya mfuatano huo. Yakobo naye anakitazama kisa hicho kutoka upande wa pili: Abrahamu alipomweka Isaka juu ya madhabahu, asema, andiko lile la kuhesabiwa haki lilitimizwa.