Sindromu ya Paris ni nini, na kwa nini mji uliouota unaweza kukukata stimu

Sindromu ya Paris ni hali inayompata mgeni aliyefika Paris na picha kubwa mno kichwani, halafu mji wenyewe ukakataa kufanana na ile picha, mpaka mwili na akili vikagoma. Yani sio kununa tu. Tunaongelea mtu anayetoka jasho, moyo unaenda mbio, kizunguzungu, anaona kama vitu vilivyomzunguka sio vya kweli au yeye mwenyewe sio yeye, anahisi watu wanamfuatilia, na wengine wanafika hatua ya kuona na kusikia vitu ambavyo havipo. Hiyo ndo maana ya asili. Siku hizi mitandaoni neno limeshashuka bei, mtu kanyeshewa siku mbili na metro ilikuwa inanuka, anaandika "jamani nimepata sindromu ya Paris". Hapana mpendwa, wewe stimu zimekata tu, hicho ni kitu kingine, na hicho kitu kingine ndo ntakiongelea zaidi maana ndo kinachowapata wengi, hasa waliosafiri peke yao.

Jina lenyewe linatoka kwa Hiroaki Ota, Mjapani, daktari wa magonjwa ya akili aliyekuwa anafanya kazi huko huko Paris. Aliandika kitabu kuhusu jambo hili mwaka 1991 na jina likashika. Baadaye mwaka 2004 yeye na wenzake wa Kifaransa wakatoa makala kwenye jarida la kitabibu wakielezea Wajapani 63 waliolazwa kati ya 1988 na 2004. Sasa hapo fanya hesabu kidogo, 63 gawa kwa hiyo miaka, hawafiki hata wanne kwa mwaka, wakati Wajapani wanaotembelea Ufaransa kwa mwaka walikuwa mamia ya maelfu. Kwa hiyo ukisikia mtu anakwambia Paris inawadatisha watalii kama kawaida ujue anakuuzia chumvi. Na hata hao waliolazwa sio wote walikuwa watalii wazima wa afya walioona takataka barabarani wakazimia, baadhi walikuja tayari na historia ya matatizo ya akili, safari ikawa kama kibiriti kwenye nyasi kavu. Wengine hawakuugua wiki ya kwanza, iliwapata baada ya miezi wakiwa wanaishi pale.

Halafu kwenye miongozo mikubwa ambayo madaktari wanaitumia kutaja magonjwa ya akili hukuti ugonjwa unaoitwa hivyo. Ni jina la maelezo, sio hukumu ya daktari. Mtu akianza kusikia sauti akiwa safarini apelekwe hospitali, basi, asibishane na mtu kuhusu jina.

Kwa nini Wajapani? Sababu walizozitaja wale madaktari ni za kawaida kabisa ukizisoma, lugha, tofauti ya tabia za watu, uchovu wa safari, na ile picha ya Paris iliyopakwa rangi miaka na miaka na magazeti ya mitindo na matangazo ya manukato. Mtu anaijua Paris ya taa na wapenzi kwenye daraja. Akishuka uwanja wa ndege wa Charles de Gaulle anapanda treni ya RER B, treni inapita vitongoji vya kaskazini, kuta zimechorwa michoro ya rangi, imejaa watu waliotoka kazini hawana habari naye, inamshusha Gare du Nord ambako kila mtu anakimbia na begi. Mji mzuri upo, lakini haukuja kumpokea stesheni.

Na kuna hili la salamu, dogo lakini limewaumiza wengi. Ukiingia duka Ufaransa unaanza na "bonjour", salamu kwanza shida baadaye. Mgeni hajui, anaingia moja kwa moja na swali lake kwa Kiingereza, muuzaji anamjibu kwa uso wa jiwe, mgeni anatoka nje akiwa na uhakika kwamba Wafaransa wanamchukia. Kumbe kwa macho ya muuzaji yeye ndo ameingia bila adabu. Ukiwa na mwenzako mnatoka nje mnasema "yule mama vipi" mnacheka yameisha. Ukiwa peke yako unatembea nalo mitaa mitatu unajiuliza umekosea wapi.

Paris haiko peke yake kwenye haya mambo. Florence ina yake, ile inayoitwa sindromu ya Stendhal, jina lililotolewa na daktari wa Kiitaliano Graziella Magherini kwa sababu mwandishi Stendhal alieleza jinsi alivyozidiwa pale mwaka 1817. Ila hiyo ni kinyume, mtu anazidiwa kwa sababu uzuri umekuwa mwingi. Jerusalem nayo ina yake, mgeni anaanza kujiona mtu wa kwenye Biblia. Ya Paris ndo pekee kati ya hizo inayotokana na mji kuwa pungufu kuliko ulivyotangazwa, na nadhani ndo maana imependwa sana kwenye maongezi, maana hiyo hata mimi na wewe tunaielewa.

Turudi sasa kwetu tusiolazwa hospitali. Kinachotokea ni hivi, raha yako ya safari huipimi kwa ulichokikuta, unaipima kwa umbali kati ya ulichokikuta na ulichokuja nacho kichwani. Mji ule ule, siku ile ile, anayekuja kikazi bila matarajio anasema pazuri, anayekuja baada ya kuuota miaka kumi anasema ndo hii tu?

Mfano unaoonekana kwa macho ni Mona Lisa. Picha ina sentimita 77 kwa 53, ukubwa wa dirisha dogo tu, iko nyuma ya kioo kisichopenya risasi, na wewe uko nyuma ya vichwa na mikono iliyoinua simu. Unasogea na foleni taratibu, ukifika mbele una muda mdogo sana kabla hujasukumwa upande kuwapisha wengine. Nilisimama pale mwenyewe nikagundua nilikuwa naiangalia kupitia simu ya mtu aliyekuwa mbele yangu, yani nimesafiri kote huko nakuja kuangalia Mona Lisa kwenye skrini ya mtu mwingine ambayo hata ilikuwa na ufa. Kilichonichekesha baadaye ni kwamba kwenye chumba kile kile, ukuta wa pili, kuna mchoro wa harusi ya Kana wa mchoraji wa Kiitaliano Veronese aliouchora mwaka 1563, una upana wa karibu mita 10 na kimo cha karibu mita 7, huwezi kuukosa hata ukitaka, na umati mzima umeupa mgongo. Hakuna aliyekuja na picha yake kichwani kwa hiyo haupo.

Na sio Paris tu, Copenhagen kuna sanamu ya nguva iliyowekwa mwaka 1913, kimo chake mita 1 na sentimita 25, watu wanafika wanauliza nyingine iko wapi. Brussels kale kasanamu ka mtoto anayekojoa hakafiki hata mita moja. Hakuna aliyedanganya kuhusu vipimo, ni kamera tu ilisogea karibu na wewe ukajazia mwenyewe.

Picha pia haina saa. Inapigwa alfajiri kabla ya watu, siku moja ya jua kati ya siku nyingi za mawingu, ikakatwa pembeni pipa la taka lisionekane. Wewe unaenda kuishi masaa yote yaliyobaki, miguu inauma, unatafuta choo, umefika Louvre, makumbusho yenye hiyo Mona Lisa, kumbe ni Jumanne na Jumanne wamefunga, umefika makumbusho mengine ya Musée d'Orsay Jumatatu nako hivyo hivyo, ukija Agosti unakuta maduka mengi madogo yamebandika karatasi mlangoni wenyewe wako likizo. Mji una ratiba yake na haujakuweka humo.

Sasa ongeza upweke. Kuna utafiti wa Erica Boothby na wenzake wa mwaka 2014, watu walionjeshwa chokoleti, wengine wakiwa wanaonja pamoja na mtu mwingine na wengine wakiwa na mtu anayefanya kitu tofauti, bila kuongea. Wale walioonja pamoja waliiona tamu zaidi. Lakini walipopewa chokoleti chungu, waliokuwa wanaonja pamoja waliiona mbaya zaidi pia. Kwa hiyo kuwa pamoja kunaongeza sauti, iwe ya raha au ya karaha. Kwa hesabu hiyo msafiri wa peke yake angepungukiwa na utamu lakini machungu nayo yangempungukia, ngoma droo. Mbona basi haiwi droo?

Naona jibu liko kwenye lile neno "bila kuongea". Safarini mwenzako kazi yake kubwa sio kuangalia mnara pamoja na wewe, kazi yake ni shokapu. Gari bila shokapu inatembea vizuri tu kwenye lami, shida ni shimo la kwanza. Mmepotea, yeye anasema twende kushoto unamlaumu yeye, mnanuniana dakika kumi mnanunua kitu cha kula yanaisha. Peke yako ramani ni yako, begi ni lako unaingia nalo hadi chooni, betri ya simu ikibaki asilimia 6 ni presha yako, na yule anayekuja Trocadéro, pale watu wanapopigia picha mnara wa Eiffel, na karatasi usaini wakati mwenzake anatafuta mfuko wako anakuchagua wewe kwa sababu uko mmoja. Unamuomba mtu akupige picha na mnara wa Eiffel nyuma, mnara una mita 330, anakupiga picha yako na miguu ya mnara. Unashukuru unaondoka.

Ila nisiwaonee wanaosafiri peke yao, maana kuna upande wa pili. Rebecca Ratner na Rebecca Hamilton mwaka 2015 walionyesha kwamba watu walitegemea raha yao itapungua wakiingia peke yao kuangalia maonyesho ya sanaa, lakini walipoingia kweli walifurahia sawa tu na walioenda na mwenzao. Yani tunauogopa upweke kuliko unavyostahili. Kwa mimi, mchana wa peke yangu kwenye makumbusho ulikuwa mzuri kuliko wote, nilikaa mbele ya mchoro mmoja muda nnaotaka hakuna wa kuniambia twende. Ilikuwa jioni ndo balaa. Mhudumu anauliza mko wangapi, unasema mmoja, anaondoa sahani ya pili na glasi ya pili mezani mbele yako, ile kelele ya glasi wakati anaiondoa nimeisikia mpaka leo.

Watu wanachanganya hii na mshtuko wa utamaduni, kwa hiyo tuzitenganishe. Mshtuko wa utamaduni ni neno lililosambazwa na mwanaanthropolojia Kalervo Oberg, makala yake ikachapishwa mwaka 1960, na unamhusu mtu aliyehamia. Kwanza anakuwa na fungate, kila kitu kizuri, kisha wiki au miezi ikipita anachukia kila kitu, kisha taratibu anazoea. Aliyeenda siku nne hana muda wa kupata hayo yote. Yeye fungate yake aliimaliza kabla hajapanda ndege, wakati anaangalia video usiku. Na hilo nalo lina ushahidi, utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2010 ulikuta wanaosubiri likizo wana furaha kuliko wasiokwenda popote, lakini wakisharudi wengi wao hawana tofauti na waliobaki nyumbani. Raha kubwa ilikuwa kwenye kusubiri.

Swali linalobaki ni kwa nini hakuna anayekuambia mapema. Terence Mitchell na wenzake mwaka 1997 waliwafuatilia watu kwenye safari, moja ikiwa ya siku 12 Ulaya, wakawauliza kabla, wakati wa safari, na baada ya kurudi. Kabla waliitarajia vizuri, katikati walikuwa na manung'uniko, na baada ya siku chache tu za kurudi walikuwa wanaikumbuka nzuri kuliko walivyosema wakiwa humo humo. Mvua inafutika, malengelenge yanafutika, kinabaki kile kipande cha jioni mto Seine ulipowaka. Kwa hiyo aliyekusifia hakukudanganya, ndivyo anavyokumbuka. Halafu kuna aibu pia tusijidanganye, umekopa likizo, umekopa na hela, utarudije useme nilikaa hotelini nalia?

Usiku ule nilikaa kitandani nikaikata ile picha ya Mona Lisa, nikatoa vichwa, nikatoa mkono wa yule mwenye simu ya ufa, nikaongeza mwanga, nikaituma kwenye grupu la familia. Mdogo wangu akajibu ndani ya dakika, "Dada umeuaaa, na mimi lazima nifike hapo." Nikamtumia kopa tatu nyekundu nikazima simu.