Sanamu za Rapa Nui Si Vichwa Peke Yake

Wengi wanaopanga safari ya Rapa Nui, kisiwa cha Chile kilicho katika Bahari ya Pasifiki umbali wa kilomita zipatazo 3,500 kutoka bara, huamini kwamba watakwenda kuona vichwa vikubwa vya mawe vilivyochomekwa ardhini. Imani hiyo si sahihi. Moai, kama wenyeji wanavyoziita sanamu hizo, zilichongwa na viwiliwili: mikono imelala ubavuni, na vidole virefu, vyembamba, vinakaribiana chini ya kitovu, ingawa nyingi hukomea nyongani bila miguu.

Dhana hii imeenezwa na picha za Rano Raraku, mlima wa volkano ambako karibu sanamu zote zilichongwa. Huko, udongo ulioporomoka kwa karne nyingi umezifukia hadi mabegani au shingoni, na jicho la mgeni huishia usoni. Mtafiti Mwingereza Katherine Routledge alipofukua baadhi yake mnamo 1914 na 1915, migongoni zilionekana nakshi zilizohifadhiwa na udongo uleule.

Kwa hiyo mgeni asikose kufika Ahu Tongariki, karibu na hapo, ambako moai 15 zimesimama wima juu ya jukwaa la mawe, zikiipa bahari mgongo. Tsunami ya 1960 ilizitawanya, zikasimamishwa upya miaka ya 1990. Kwa wenyeji, moai ni wazee wao waliotangulia, na ndiyo maana ni marufuku kuzigusa au kukanyaga jukwaa lao.